Ukurasa wa 113

Simu ilinikuta nimeinamia mashine ya fotokopi, karatasi imekwama, vidole vimejaa wino. Alikuwa dada mmoja wa Korogwe, hatujuani, alinunua riwaya yangu nikamtumia kwa basi. Akasema dada samahani, mie nimefika ukurasa wa 112, nafunua nakuta 97 tena. Nikamwambia labda kurasa zimeshikana. Akasema hapana dada, nimehesabu mara mbili, 97 mpaka 112 zimerudiwa halafu inaruka kwenda 129, 113 mpaka 128 hazipo kabisa, Mwanaidi kaachwa pale stesheni na mzigo wake kichwani na mie sijui kama kapanda treni au hajapanda.

Nilikaa chini kwenye boksi la karatasi. Mteja yupo dirishani anasubiri kopi za cheti chake, na mie nimekaa tu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo maana wengi mnaniuliza kitabu kilianzaje na kinalipa au hakilipi, na nimekuwa najibu kwa kifupi kwa sababu habari yenyewe ni ndefu na kuna sehemu zake mpaka leo zinaniuma.

Mie nina steshenari hapa Ngamiani, Tanga mjini, natypia watu barua za kuomba kazi, natoa kopi, napiga laminesheni vyeti. Babu yangu mzaa baba alikuja Tanga toka kusini akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda, na alikuwa na hadithi zake za kambini ambazo alizisimulia jioni akiwa amekaa barazani anamenya machungwa. Alipofariki nikagundua hakuna mtu aliyeziandika, hata mmoja. Nikaanza kuzikusanya nilizozikumbuka, nikaenda kwa shangazi zangu, nikasoma nilichopata, na siku niliyosoma kwamba mkonge wote huu ulioifanya Tanga ikawa Tanga ulianza na miche 62 tu, ile iliyobaki hai katika iliyoagizwa na Mjerumani Richard Hindorf toka Florida mwaka 1893, nililala usiku nikiiwaza ile miche. Maisha ya watu wangapi yametoka kwenye ile miche 62? Ya babu yangu yamo. Yangu yamo.

Basi nikaandika riwaya ya maisha ya kambini, na huyo Mwanaidi yumo ndani yake. Miaka minne. Nikifunga duka saa mbili usiku naenda nyumbani, watoto wakilala naandika, umeme ukikatika nahamia kwenye kaunta buku la kwaya tatu na tochi ya simu, asubuhi nikifika dukani natypu yale ya usiku kabla wateja hawajaanza kuja. Kile kipindi sitakisahau maana kilikuwa kitamu. Kuna usiku Mwanaidi alisema neno kwenye karatasi ambalo mie sikulipanga, alimjibu nyapara wake jibu moja mpaka nikasimama, nikamwamsha baba Nuru nimsomee. Aliyewahi kuandika atanielewa, unakuwa na watu kichwani wanaishi na wewe mpaka sokoni, unachagua nyanya huku unajiuliza yule mzee wa kambini atakufa sura ya ngapi.

Mswada ulipokwisha nikaupeleka kwa mchapishaji mmoja Dar. Nikakaa miezi 14. Nikipiga simu naambiwa unasomwa, mara aliyekuwa anausoma ameacha kazi, mwisho nikajibiwa kwamba riwaya hazitoki siku hizi, kama nina kitabu cha ziada cha shule nilete. Nikaupeleka pia kwenye ile Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu iliyoanza 2022 chini ya Taasisi ya Elimu, ile ambayo mshindi wa kwanza anapata milioni 10 na mswada wake unachapishwa. Sikupita. Hiyo haikuniuma sana, mashindano ni mashindano na waliopita wameandika. Kilichoniuma ni lile jibu la kwamba riwaya hazitoki, kwa sababu mie wakati huo tayari nilikuwa na watu 180 kwenye grupu la WhatsApp wanaosoma hadithi zangu fupi kipande kwa kipande, wananilipa shilingi 1,000 kwa mwezi, na nikichelewa kutuma sehemu inayofuata saa tatu usiku simu inawaka moto. Sasa hao ni akina nani kama hawasomi?

Nikaamua kuchapa mwenyewe. Nilisubiri zamu yangu ya mchezo wetu wa kupeana hela, nikapokea milioni moja na nusu, iliyobaki nikakopa kwenye kikoba, na baba Nuru akaongeza laki tatu za bati alizokuwa amezitunza, kitu ambacho mpaka leo namshukuru. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, nikaiomba kwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Mpangilio wa ndani niliufanya mwenyewe kwenye kompyuta ya dukani. Na hapa kama unafikiria kuchapa nikwambie kitu ambacho mie sikukijua: kwenye mitambo mikubwa kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja, karatasi kubwa moja inachapwa pande zote halafu inakunjwa na kuwa kurasa 16, kile kifurushi kinapangwa juu ya kingine, vinakatwa mgongoni, vinapigwa gundi ya moto na kuvishwa jalada. Kwa hiyo kurasa zako ni bora zigawanyike kwa 16. Changu kilikuwa 218, nikaongeza shukrani na maelezo ya maneno ya kambini kikafika 224, vifurushi 14. Nakala 500 zikanigharimu milioni mbili na laki tisa, yaani 5,800 kila kimoja, na bei ya kuuzia nikaweka 12,000.

Mzigo ulifika stendi ya Kange saa kumi na mbili jioni. Nililifungua boksi la kwanza pale pale, mwenye bajaji ananiambia mama twende mvua hiyo, nikamwambia baba nisubiri kidogo. Nilikishika. Jina langu lipo mgongoni kwa kitabu. Nikakinusa ile gundi na karatasi mpya. Kama babu angekuwa hai ningekipeleka kwake nikiwa hivyo hivyo nimelowa.

Halafu ikaja kuuza.

Kuuza kitabu ni kazi nyingine kabisa, ambayo haina udugu wowote na kuandika. Maduka ya vitabu yanachukua kwa mali kauli, unaacha vitabu, wao wanakula asilimia 40, wakiuza ndio unalipwa. Piga hesabu: 12,000 toa 40 kwa mia unabaki na 7,200, toa 5,800 ya kuchapa, una 1,400, na hapo hujalipa nauli ya boksi kwenye basi. Duka moja niliwaachia vitabu 20, vikakaa miezi minane, kila nikipiga simu naambiwa bado, siku nimeenda mwenyewe nikakuta rafu haina hata kimoja, vimeisha siku nyingi na hela imeshazungushwa kwenye madaftari ya shule. Nimelipwa vipande vipande mpaka nimechoka kudai. Shule nazo ukiingia unaulizwa kama kina ithibati, kile kibali cha kutumika shuleni, huna, basi mwalimu anakinunua kimoja kwa hela yake anakwenda kukisoma nyumbani. Walimu hao Mungu awabariki, nimeuza kwa walimu kuliko kwa shule.

Waliobeba kitabu changu ni watu wa kawaida ninaokutana nao kila siku. Kuna mama anauza vitumbua jirani na duka langu, alikiona mezani akasoma mgongo wa jalada amesimama, ndoo ya unga ipo chini, akauliza bei. Nilipomwambia 12,000 akakirudisha taratibu kama anarudisha mtoto wa mtu. Kesho yake akaja na 2,000. Akasema mwanangu niandike kwenye daftari, nitadunduliza. Kila Jumamosi 2,000, wiki sita, na wiki ya sita alipokichukua alikuwa amekuja na mfuko safi wa nailoni wa kukivisha. Tangu siku hiyo nikaanzisha daftari la kudunduliza na limeuza nakala 90 na kitu. Tisini! Mafundi baiskeli, binti wa saluni, askari wa mlango wa benki, kijana wa bodaboda ambaye alinilipa kwa kunibebea maboksi Kange mara tatu. Mwenye 12,000 ya mkupuo ya kitabu ni wachache, wenye 2,000 ya Jumamosi wapo wengi sana, na wakishakilipia hivyo hawakai nacho kitabu bila kukisoma.

Ndio maana mtu akiniambia Watanzania hawasomi nakasirika kweli. Mji huu ulikuwa unatoa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, tangu enzi za Mjerumani kabla ya vita kuu ya kwanza. Shaaban Robert kazaliwa hapa hapa, Vibambani, 1909. Watu wanasoma, wanasoma magazeti yaliyofungiwa maandazi, wanasoma hadithi kwenye simu usiku mpaka bando linaisha. Kitabu ndicho hakiwafikii, na kikiwafikia kinawafikia kwa bei ya mkupuo.

Sasa nirudi kwa dada wa Korogwe.

Nilipompigia mwenye mtambo akaniambia mzigo ukishatoka getini umekubaliwa, ulitakiwa ukague hapa hapa. Nimepiga wiki nzima, jibu likawa hilo hilo, baadaye simu ikawa haipokelewi. Jioni moja tukatandika mkeka sebuleni, mie, baba Nuru, Nuru na mdogo wake, maboksi yote katikati, vilikuwa vimebaki 352. Kila mtu anachukua kitabu anafunua 112, anaangalia upande wa pili, kama ni 113 kinakwenda kushoto. Hakuna aliyekuwa anaongea, unasikia karatasi tu, mara Nuru anasema mama hiki, nakuta 97. Moyo unaruka. Mpaka saa sita usiku tukapata vibovu 31. Walipopanga vile vifurushi mtu alichukua cha saba mara mbili akaacha cha nane, ni mkono wa mtu mmoja uliochoka siku moja, na mie namwelewa kwa sababu hata mie dukani nishawahi kumpa mteja kopi ukurasa umerukwa. Ila inauma.

Asubuhi nikakaa kwenye kompyuta nikazitoa zile kurasa 16 peke yake. Ukizipanga mbili mbili kila upande zinaenea kwenye karatasi nne tu za A4, unakunja katikati, unapiga pini mbili, inakuwa kijitabu kinachokaa ndani ya kitabu bila kuonekana. Nikatengeneza 60. Vile 31 nikaviwekea na kuvishusha bei mpaka 7,000 na kumwambia kila mnunuzi kwa nini. Waliokwisha nunua nikawatangazia kwenye grupu na kwenye status, wakajitokeza tisa, wa Muheza, wa Pangani, mmoja yupo Dodoma, wote nikawatumia bure kwa mabasi. Wawili kati ya hao walikuwa wamesoma mpaka mwisho wakadhani ndivyo nilivyoandika, kwamba nimeruka makusudi. Mmoja akaniambia aliumia siku mbili kwa vile hakuona Mwanaidi anavyoagana na mama yake. Kuagana kwenyewe kupo ukurasa wa 119. Nilikiandika kile kipande nikiwa nalia, halafu kuna mtu kakinunua kitabu na hicho hakukipata.

Yule wa Korogwe alipokea kijitabu chake Ijumaa. Saa nne usiku simu ikaita, sijasema hata haloo, nasikia anasema, "Amepanda! Dada, amepanda!"

Katika yote niliyopata kwenye hiki kitabu, hela ikiwemo, sijapata kitu cha kufanana na ile simu.

La PDF nalo lazima niliseme. Kwa walio mbali nilikuwa nauza nakala ya simu kwa 3,000. Wiki ya pili tu, nimekaa nasubiri chai ichemke, naona kwenye grupu lingine kabisa la akina mama wa mtaani jalada langu linatumwa, limeandikwa riwaya tamu, soma bure, sambaza kwa umpendaye. Mikono ilinipoa. Nikafuatilia taratibu ilivyotoka, nikaishia kwa binti wa kaka yangu. Nikamwita. Akanipigia goti akasema shangazi mie nilimtumia rafiki yangu mmoja tu, nilitaka ajue shangazi yangu ni mwandishi. Utamfanya nini mtoto aliyekusaliti kwa kujivunia wewe? Nikamweleza kwamba sheria ya hakimiliki ya 1999 inasema kazi ni ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na kwamba zile 3,000 ndizo zilikuwa zinalipa mkopo wa kikoba. Akalia, na mie nikalia. Watu 11 walionunua cha karatasi wameniambia wenyewe walianza na ile ya bure, na nawashukuru, lakini ni 11, na grupu lile moja tu lilikuwa na watu zaidi ya 200. Tangu hapo siuzi PDF tena. Anayeniambia ni matangazo ya bure namwomba aje anisaidie kurejesha ya kikoba.

Mwezi wa tisa akaja mzee dukani, kashikwa mkono na mjukuu wake, wametoka Muheza kwa daladala kwa ajili yangu. Macho yake hayasomi tena, mjukuu ndiye aliyemsomea kitabu chote, jioni jioni. Alikata mkonge miaka 22. Nikampa kiti, nikaagiza soda. Akasema mwanangu umeandika vizuri, umetuandika sisi, lakini pana pahala umekosea. Akaomba fimbo yake, akaishika kama jani la mkonge, mkono wa kushoto juu, wa kulia akaufanya kisu. Akasema wewe umemwandika mkataji anakata jani anatupa kwenye mzigo. Hapana. Ukishalikata kwanza unaondoa mwiba. Ule mwiba wa nchani. Ukiuacha utakuchoma wewe, utamchoma mwenzio anayebeba. Unaondoa mwiba, ndio unahesabu, 30, unafunga mzigo. Akarudia mara tatu ule mkono, kwa kasi, mzee wa miaka 80 na zaidi, na kila mara kidole gumba kinapita pale pale ulipokuwa mwiba. Halafu akanipa ule mkono niushike. Kwenye kiganja chini ya kidole gumba kuna kovu jeupe dogo kama punje ya mchele. Akasema hili la siku nilipofanya kama ulivyoandika.

Babu yangu alikuwa na kovu pale pale. Nimeishika ile mikono utoto wangu wote na sikuwahi kuuliza.

Siku ile nilifunga duka mapema. Nilikwenda maktaba ya mkoa, nilikuwa nimewapa nakala mbili mwanzoni, nikataka kuona kama wanakiazima au kimekaa tu. Dada wa kaunta akanionyesha kimoja, kimeshapigwa selotepu mgongoni, na ile karatasi ya tarehe iliyobandikwa nyuma imejaa mihuri upande mmoja wameanza upande wa pili. Cha pili hakikuwepo, kipo kwa mtu. Nilisimama pale nasoma zile tarehe moja moja. Nikamfikiria Shaaban Robert, kafariki Juni 1962 na riwaya zake mbili zimetoka 1968, hakuziona hata zilivyo. Mie nimeiona karatasi yangu ya mihuri na ninapumua.

Hesabu kamili mnayoitaka ni hii: ndani ya miezi 19 zile 500 zimeisha, 38 nimegawa, nyingine ndio kama nilivyoeleza. Mkopo wa kikoba umekwisha, laki tatu za baba Nuru zimerudi na bati zimenunuliwa, na mie nimebaki na faida ya kama laki sita na nusu, ambayo ukigawa kwa miaka minne ya usiku haifiki popote, na yote nimeirudisha kwenye toleo la pili. Nakala 300, kwa mchapaji mwingine. Nimeongeza sentensi tatu ukurasa wa 41, mkataji sasa anaondoa mwiba.

Mzigo unaingia Kange Alhamisi. Safari hii nilikwenda Dar mwenyewe nikakaa kiwandani kwao siku nzima nikafunua kila nakala 112, nikaangalia upande wa pili. Wenye vile vibovu na kijitabu cha pini njooni navyo dukani mbadilishiwe bure, ila kama umekipenda hivyo hivyo kilivyo kaa nacho. Daftari la kudunduliza lipo wazi kuanzia Jumamosi. Nakala ya kwanza nimeshaiandika jina, inakwenda Muheza.